Kwenda Dar bila Msiba wala Mgonjwa

Huku kwetu Murungu, kwenye nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mtu akisema anakwenda Dar es Salaam huulizwa, “Kuna nini?” Safari ya Dar ina sababu zake zinazojulikana: mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili, msiba, harusi, usaili wa kazi, mzigo wa duka kutoka Kariakoo. Ukijibu kwamba unakwenda kutembea tu, anayekusikiliza hunyamaza akisubiri umalizie. Nilipowaambia walimu wenzangu kwamba nampeleka baba akaone mji, mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole mzee anaumwa nini.

Desturi hiyo ina historia. Enzi za Waingereza, Buha, yaani kwetu sisi Waha, ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kwa wingi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU. Babu yangu mzaa baba alikuwa manamba. Pwani aliyoijua ni ya kipande, ile kadi iliyohesabu siku za kazi moja moja, na aliporudi alikuwa na blanketi, baiskeli na kikohozi. Baba naye alikuwa bwana shamba mpaka akastaafu. Alizunguka vijiji vya Kasulu kwa miguu na kwa pikipiki, lakini bahari hakuwahi kuiona. Kwa hiyo tulipokaa kupanga safari ya mwaka 2025, nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Tulijifunza tukiwa njiani, na niliyojifunza nayaandika hapa kwa sababu naamini mtu wa bara ana haki ya kwenda pwani kutazama tu, na kutazama nako kunataka mpango.

Mpango wetu ulianza na fedha na majira, na kwetu mambo hayo mawili hayatengani. Mvua zetu huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei; fedha huonekana mazao yakishauzwa, Juni na Julai. Bahati nzuri hiyo ndiyo miezi ya Dar kupendeza. Masika ya Machi hadi Mei yamepita, joto limepungua, kipupwe kinavuma. Masika ya Dar si ya kudharau, maana Mto Msimbazi ukifurika, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na aliyelala Magomeni akitaka kwenda Posta inambidi azunguke mbali. Juni shule nazo zimefungwa, nikawa huru mimi na binti yangu wa darasa la tano. Baba aliuza maharage na asali, mimi nikaongeza gawio la kikoba, na fedha hiyo tukaitenga kwenye akaunti yake peke yake. Fedha isiyotengwa huliwa na ada na mbolea kabla hujakata tiketi.

Kisha tukajadili njia. Kutoka kwetu hadi Dar ni zaidi ya kilometa 1,200. Baba alitaka treni ya Kigoma, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Ni safari nzuri kwa mwenye muda, ila lazima kwanza uteremke hadi Kigoma mjini, kisha ukae njiani kama siku mbili. Basi hupita Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Kipande cha nyumbani kimekuwa afadhali tangu ulipoanza mradi wa lami wa kilometa 260 kutoka Kabingo hadi Manyovu kupitia Kibondo na Kasulu. Nikiwa mwanafunzi tulisafiri ndani ya vumbi jekundu, na mabasi yakisindikizwa na askari wenye bunduki kwa hofu ya majambazi.

Tuliamua kuunganisha: basi mpaka Dodoma, tulale, kesho yake tupande treni ya umeme ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma Julai 2024. Mwendo wake wa kasi ulituvutia, lakini lililoamua ni mahali inaposhushia. Basi la mikoani hukushusha Mbezi, kwenye kituo cha Magufuli kilichofunguliwa Februari 2021, na kutoka hapo hadi Posta bado una kilometa zaidi ya 20 za foleni. Treni hukushusha katikati ya mji. Kwa mzee aliyevuka miaka sabini, kufika akiwa hajachoka ni faida kubwa kuliko saa zilizookolewa. Zawadi za ndugu, yaani maharage, asali, mawese na dagaa wa Ziwa Tanganyika, tuliziwahisha kama kifurushi kwa basi, na binamu yangu anayekaa Kimara akazipokea pale Mbezi. Sisi tukasafiri na mabegi mepesi.

Kazi ngumu ilibaki: Dar yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728, na Kigoma yote na watu 2,470,967. Lakini ardhi ya Dar ni kilometa za mraba 1,393 tu, wakati ya Kigoma inapita 37,000. Mtu wa kwetu akisikia hivyo hudhani mji umebanana kiasi kwamba kila kitu kiko jirani. Sivyo. Mji ule umejengwa kwenda mbali zaidi kuliko kwenda juu. Mwaka 1967 ulikuwa na watu wasiofika laki tatu, na waliokuja baadaye walijenga nyumba za chini wakifuata barabara kubwa.

Nilimweleza baba kwa mkono wangu. Kiganja ni mji wa zamani: bandari, Posta, Kariakoo, Ilala. Vidole ni barabara: ya Bagamoyo kuelekea Mwenge na Tegeta, ya Morogoro kuelekea Ubungo, Kimara na Mbezi, ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, Pugu na Chanika, na ya Kilwa kuelekea Mbagala. Kidole gumba kimejitenga ng'ambo ya maji, nacho ni Kigamboni. Kutoka kiganjani kwenda kidole chochote kuna njia iliyonyooka. Kutoka ncha ya kidole kimoja kwenda ncha ya kingine ndiko siku inakopotelea. Baba aliutazama mkono wangu kwa muda, kisha akasema, “Basi tulale kiganjani.”

Na hapo ndipo tulipogusa ndugu. Shangazi yangu anakaa Chanika, mtoto wa mama mdogo yuko Mbagala, binamu Kimara, shemeji Tegeta. Kila mmoja alikuwa na kitanda na kila mmoja alikuwa na haki. Nilipompigia shangazi kumweleza kwamba tutafikia gesti Magomeni, jirani na kiganja, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

“Mwanangu,” akasema, “mlale gesti kama watu wasio na kwao? Kaka yangu aje Dar mara ya kwanza, alale kwa kulipia?”

Sikuwa na jibu la kumpa shangazi, wala si nafasi yangu kumpa. Nilimpa baba simu. Alimsalimia kwa Kiha, akauliza habari za watoto na za shamba lake dogo la mihogo, akaacha maneno ya pembeni yaishe. Ndipo akamwambia: “Dada, hawa watoto wananitembeza mjini kama mwanafunzi. Waache wamalize somo lao. Jumapili ni yako. Tutakuja asubuhi, tutakula kwako, tutalala kwako. Waite na wengine wote.” Shangazi akacheka, na lawama ikageuka kuwa maandalizi ya pilau.

Nimeona familia nyingi zikiharibu safari kwa kushindwa jambo hili. Wengine hufikia kwa ndugu wa pembezoni, wakaamka alfajiri kila siku kugombea daladala na kurudi usiku, na mwenyeji naye akawa analala kwa kuwangoja. Wengine hujificha gesti bila kuwaambia ndugu, habari ikawafikia baadaye, undugu ukaingia doa. Dawa ni kusema mapema, asemaye awe mkubwa, na siku ya ndugu itajwe kwa jina kabla ya siku nyingine zote. Siku hiyo ikishakuwepo, zilizobaki ni zenu.

Kisha tukaandika tunayotaka kuona, na orodha ikajaa. Binti yangu alitaka kupanda mabasi ya mwendokasi, visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Mlimani City, na boti ya kwenda Zanzibar. Mimi nilitaka makumbusho yote na Chuo Kikuu. Baba aliandika mambo matatu kwa mwandiko wake wa ripoti za kilimo: bahari, nyumba ya Mwalimu Nyerere, mahali reli inapoanzia. Tulikubaliana kila mtu achague kitu kimoja ambacho akikikosa atarudi na kinyongo, hivyo viwekwe kwanza. Vingine vyote vilipangwa kwa upande: kama kiko kwenye barabara tunayopita siku hiyo, tukione, kama kinatuhamisha kidole, kingoje safari nyingine. Mbudya na Zanzibar zikaondoka kwa sheria hiyo, na binti yangu akanuna hadi Singida.

Saa nazo zina mambo ambayo mtu wa kwetu hayategemei. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halitumii. Dar iko mashariki yetu mbali, kwa hiyo jua lake hutangulia letu kwa zaidi ya nusu saa. Mwezi Juni kwetu jua huzama karibu na saa moja. Dar, saa kumi na mbili na robo limekwisha kuzama. Aliyezoea mwanga wa Kibondo atajikuta gizani akiwa bado Kigamboni. Tukahamishia kila kitu asubuhi: kutoka baada ya wafanyakazi kuingia kazini, kurudi kabla hawajatoka, na mchana wa jua kali baba apumzike. Maeneo mawili kwa siku yanatosha kwa mzee. La tatu ni la kujisifu tu.

Halafu maji. Sisi tunalijua Ziwa Tanganyika, ambalo ukiliacha asubuhi pale ufukweni jioni utalikuta pale pale. Bahari ya Dar hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko ya jana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita meta tatu. Siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa tele kama saa kumi jioni. Anayetaka kutembea juu ya mchanga na kutazama kaa aende asubuhi ya namna hiyo. Anayetaka kuoga asubiri maji yarudi. Tulimuuliza mhudumu wa gesti, kijana wa Kilwa, naye akatuambia saa za kupwa bila kutazama popote.

Siku ya kiganja tuliitembea karibu yote kwa miguu. Tulianzia pembeni mwa bandari, kwenye kanisa la Kilutheri la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yote mawili yaliyojengwa zama za Wajerumani, tukaenda Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inayowakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo baba alikuwa na la kusema. Majeshi ya Wabelgiji yaliteka Kigoma mwaka 1916, na nchi yetu ya Buha ikatawaliwa nao hadi 1921. Walipoondoka waliachiwa eneo katika bandari ya Kigoma na jingine katika bandari ya Dar kwa pango la faranga moja kwa mwaka, kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Baba alilijua la Kigoma tangu ujana wake. Sasa alitazama makreni ya Dar akasema reli yetu ina ncha mbili na zote mbili zilikodishwa kwa bei ya chumvi. Kwenye Makumbusho ya Taifa tulikaa kuliko tulivyopanga, kwa ajili ya fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai Julai 1959, na magari ya zamani ya viongozi, ambayo baba aliyakagua mpaka matairi.

Kigamboni tulikwenda kwa pantoni, yaani kivuko, kutoka Magogoni na kurudi kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2016, ili tusione njia moja mara mbili. Tulifika ufukweni maji yamekupwa. Baba alisimama akauliza, “Yamekwenda wapi?” Mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu akamjibu, “Yamekwenda Bara Hindi, mzee wangu. Subiri, yatarudi adhuhuri.” Baba alisubiri kweli. Alikaa chini ya mvinje akitazama mstari wa maji ukisogea, akiweka vijiti mchangani kama alivyokuwa akipima makorongo ya mmomonyoko huko Kasulu. Kama tungekuwa na sehemu nyingine ya kuwahi mchana huo, tungemwondoa hapo kwa nguvu na tungekosa kitu alichokuja kukiona.

Siku ya Magomeni ilikuwa ya mwendokasi, mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 kwenye njia yake yenyewe katikati ya barabara ya Morogoro. Yakipandwa saa za kazi ni mapambano. Saa nne asubuhi hata mzee hupata kiti. Nyumba aliyokaa Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru sasa ni makumbusho, na baba alishangazwa na udogo wake kuliko chochote alichokiona Dar. Kutoka hapo tukaivunja sheria yetu mara moja, tukashika upande wa barabara ya Bagamoyo hadi Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Bwana shamba alikagua vihenge kimoja kimoja akitafuta panya wangepitia wapi. Jioni tulimalizia Coco Beach, ambako kila mtu anakula mihogo.

“Nimesafiri kilometa elfu moja na mia mbili kutoka kwenye mihogo, nije ninunue muhogo?” baba aliuliza. Kisha akala sahani nzima, na pilipili yake na ukwaju wake, akaongeza nyingine.

Jumapili tulikwenda Chanika. Njiani tulipita Pugu, kwenye shule aliyofundisha Mwalimu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Kwa shangazi walikuwa wameshafika wa Mbagala, wa Kimara na wa Tegeta, na wengine hawakuwa wameonana tangu msiba wa mwisho. Watu walisalimiana Kiha kwa kupiga makofi, watoto waliozaliwa Dar wakicheka. Shangazi alisema jambo ambalo sijalisahau: kwamba wote hao wanakaa mji mmoja, lakini imebidi mgeni atoke Murungu ndipo wakusanyike. Siku ya ndugu, niliyoihesabu kama gharama ya safari, ndiyo iliyowafaa wengi zaidi.

Tulirudi tukiwa hatujaona mengi: Zanzibar, visiwa vya Mbudya na Bongoyo, soko la Kariakoo, Mlimani, na maonyesho ya Sabasaba yaliyokuwa yakianza kule barabara ya Kilwa. Sioni hasara. Mji wa watu milioni tano haumalizwi na anayekwenda kwa likizo, na waliokaa humo miaka thelathini hawajaumaliza. Anayekwenda na orodha ndefu hurudi na picha za foleni. Anayechagua upande mmoja kila siku, akaacha nafasi ya mzee kukaa chini ya mti kungoja maji, hurudi na habari za kusimulia.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kibondo, wa Kasulu, wa Buhigwe na wa Kakonko: kama una mzazi ambaye hajaiona bahari, usingoje rufaa ya Muhimbili ndiyo impeleke. Mavuno yajayo mtengee gunia la maharage, mpigie simu ndugu wa Dar mapema, tafuteni mahali pa kulala kiganjani, na mwulize mzee kitu kimoja anachotaka kukiona kabla ya vingine vyote. Mpeleke akiwa bado anaweza kutembea mwenyewe.